Bila Kiwiko, Ni Mikono Tu

Cheptoo alinipigia simu asubuhi nikiwa nachagua maharagwe, akasema Mwalimu anatuita Ainabkoi. Hakuuliza habari ya asubuhi wala ya wajukuu. Sisi wawili tumeshapita miaka themanini, na salamu ndefu tumewaachia watu wenye muda. "Amesema twende wakati miguu bado inatubeba," akaniambia. Nikamuuliza kama Mwalimu anaumwa. "Haumwi. Amezeeka tu. Na Jumamosi niko na gari ya mjukuu, kwa hivyo usinipe sababu." Jumamosi ikafika, wakanichukua kwangu Moi's Bridge kabla ukungu haujainuka. Tangu hapo mpaka tulipoipita Eldoret na kuanza kupanda kuelekea Ainabkoi, Cheptoo alizungumza na mjukuu wake kuhusu mbolea na mvua, nami nikakaa kiti cha nyuma na swali langu. Nimekaa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nimekutana na Mwalimu kwenye harusi, kwenye matanga, hata siku alipostaafu na kupewa saa ya ukutani, na kila mara nilirudi nyumbani bila kumuuliza.

Swali lenyewe ni dogo hata linachekesha. Nilitaka kujua kama siku moja, katika ofisi ya mkuu wa shule yetu, Mwalimu Leah Jebet aligusa kiwiko chake au hakukigusa. Jambo lililotokea siku ile nimelisimulia mara nyingi sana, kwa watoto wangu, kwa kina mama wa kanisa, kwa mtu yeyote aliyekubali kikombe cha pili cha chai. Na kila niliposimulia, nilisema alikigusa. Ukweli ni kwamba sikuona. Ili mtu aelewe kwa nini bibi mzima asumbuliwe na kiwiko cha mtu mwingine, lazima nirudi kwenye mwaka ule mmoja, wakati wa Hali ya Hatari, tulipokuwa tukicheza softboli katika shule ya wasichana ya misheni nje kidogo ya Eldoret, mji ambao wazee wa huko bado waliuita Sisibo.

Mchezo uliletwa na Misi Fentoni, mmishonari kutoka Amerika, mwanamke mrefu mwenye madoadoa usoni na moyo mwema kabisa. Alikuja na sanduku lenye magongo manne, glavu sita na mpira mkubwa kuliko ngumi mbili za msichana, akatuchorea vituo vinne kwa majivu kwenye uwanja uliokuwa malisho ya ndama. Kupiga tulijua upesi, maana msichana aliyewahi kufukuza nyani kwenye mahindi mkono wake tayari una akili. Kukimbia hatukuhitaji kufundishwa. Kilichotushinda ni ishara. Softboli, alituambia, haichezwi kwa kupiga kelele: mwalimu husimama pembeni na kumwambia mchezaji kwa mikono apige, angoje au akimbie, na wapinzani wasijue. Misi Fentoni alikuwa na ishara zake kutoka kwao. Alivuta sikio, alishika pua, aligusa kofia. Sisi tulidhani anawashwa. Siku moja alimwonyesha Cheptoo, aliyekuwa mdogo kuliko sote, kiganja kilicholala chini karibu na nyonga, akimaanisha ateleze aingie kituoni kwa chini. Cheptoo akasimama pale pale akaanza kulia. Kwetu mtoto wa mtu hupimwa urefu kwa kiganja kilichosimama, vidole vikielekea juu, ili aendelee kukua. Kiganja kilicholala ni cha mbuzi. Misi Fentoni alipoelezwa aliomba msamaha mara tatu, na mara ya nne akaomba kwa kutumia kiganja kilekile.

Kisha Misi Fentoni akaenda kwao likizo ya mwaka mzima, na filimbi yake akamwachia Mwalimu Jebet. Mwalimu alikuwa msichana bado, labda wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, aliyetufundisha hesabu na kushona, na ambaye hakuwahi kushika gongo maisha yake yote. Alikaa katika chumba kimoja nyuma ya bweni letu, na sisi tulipokezana zamu ya kumfagilia, kwa hivyo nakijua chumba kile kuliko ninavyokijua changu cha sasa. Kulikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja uliofungwa waya, Biblia, kibuyu cha maziwa ya mkaa, yale ya mgando yanayotiwa majivu ya mti, kilichoning'inia msumarini, na kitabu chembamba cha sheria za softboli ambacho kwa wiki mbili hakikufungwa. Nilimkuta mchana mmoja amepanga viazi vinne mezani kama vituo, anasukuma punje ya mahindi kutoka kiazi hadi kiazi, huku anasoma kwa sauti ndogo. Aliponiona hakuona haya. "Selina," akasema, "njoo uwe mtupaji. Mimi sielewi kwa nini huyu mtu ametolewa nje." Sikuwahi kabla ya siku hiyo kumsikia mtu mzima akisema haelewi kitu. Nilivuta kigoda nikakaa.

Siku chache baadaye alituita jikoni, si uwanjani. Jikoni alitawala Mama Robai, mpishi wetu, mwanamke wa upande wa magharibi kama mimi, mwenye kijiko cha mbao kirefu kama fimbo ya mchungaji. Mwalimu alitupanga kuzunguka gunia la mahindi akauliza, "Kazi gani mikono yenu inafanya bila kuuliza kichwa?" Tukataja, kila mmoja ya kwao: kukamua, kusaga, kupepeta, kusuka, kuchuma pareto. Yeye akatuangalia mikono yetu, si nyuso. Mwishowe akachagua nne. Kusugua kidole gumba juu ya ngumi kama anayepukuchua mahindi: piga kwa nguvu zote. Kukutanisha ncha za vidole kama anayetia chumvi: gusa mpira kidogo tu, uanguke karibu. Kutikisa mikono miwili kama iliyoshika ungo: ngoja, usipige. Na kupangusa jasho kwenye paji la uso kwa nyuma ya mkono: ondoka kituoni mara mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji, kimbia, usiangalie nyuma. Hii ya mwisho Misi Fentoni alikuwa ameiita kuiba, na Rhoda, binti wa mchungaji, alikuwa amekataa kuifanya kwa sababu ya amri ya nane. Mwalimu Jebet akasema kuanzia leo haiitwi kuiba, inaitwa kuwahi. Rhoda akafikiri, akakubali. Mama Robai alikuwa anatusikiliza huku anasonga ugali. "Mwalimu," akasema, "mimi nawaomba hawa wapukuchue mahindi kila siku wananuna. Wewe unawafundisha kupukuchua hewa na wanacheka."

Palikuwa na jambo la tano, na ndilo kubwa. "Mimi pia ni mtu," Mwalimu alituambia. "Nitatoka jasho. Nitawashwa. Pengine nitakuwa nimekumbuka ugali wa Mama Robai, vidole vitie chumvi vyenyewe. Kwa hivyo kwanza nitagusa kiwiko. Nikigusa kiwiko, kinachofuata ni neno langu. Bila kiwiko, mikono yangu ni mikono tu." Tulirudia maneno hayo kama tunavyorudia Zaburi. Hata sasa nikimwona mtu anagusa kiwiko chake kanisani naacha kusikiliza mahubiri, nangoja.

Nimefundishwa na watu wengi baada ya hapo, na mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi, lakini sijaona mtu mwenye ufundi wa yule. Hakupaza sauti. Alitembea nasi kutoka kituo hadi kituo kwa viatu vyake vya kanisani vilivyojaa matope mekundu, na ukikosea alikuuliza, "Uliona nini?" Hakuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Uliona nini. Ukimwambia ulichoona kweli, alikubali, hata kama tulipoteza. Kila Ijumaa alimchagua mmoja wetu, akampa filimbi na kusema, "Leo wewe ndiye mikono," naye akaenda kusimama kituo cha kwanza na sketi yake ndefu, akamtii mtoto wa miaka kumi na miwili. Zamu yangu ilipofika nilimpa ishara ya kuondoka kwa wakati mbaya kabisa. Aliondoka, akatolewa nje, akarudi akipangusa sketi. Hakunilaumu. Aliniuliza niliona nini, nikamwambia sikuona kitu, nilitaka tu kumwona anakimbia. Alicheka, na nadhani nilimpenda kuanzia hapo.

Ishara zilikuwa siri. Mwisho wa mwaka tungecheza na wasichana wa misheni nyingine kutoka magharibi, na Mwalimu alisema siri ya timu inavuja kwanza kwa wema, mtu anaulizwa vizuri anajibu vizuri. Basi akamtuma Mama Robai atujaribu wakati wa chakula. Unapanga foleni na sahani yako, baridi ya Uasin Gishu inakuuma magoti, mvuke wa mahindi na maharagwe unakupiga usoni, na Mama Robai anashika kijiko hewani na kuuliza kwa sauti ya mama mzazi, "Mwanangu, ile ya kupangusa paji, ni ya nini?" Aliyejibu kweli aliosha sufuria kubwa. Niliosha sufuria hiyo mara tatu wiki ya kwanza. Baadaye tukazoea, kila mtu akajitungia jibu lake. Cheptoo alisema ni mbu. Rhoda, aliyeogopa uongo, alisema, "Mama, naomba uniombee." Tukawa hodari wa kuficha, na sisi wenyewe tulijisifu.

Uwanja wetu ulipakana na shamba la ngano la kaburu mmoja mzee tuliyemwita Bwana Tumbako kwa sababu ya kiko chake. Mwaka ule alianza kusimama kwenye ua karibu kila jioni, mikono juu ya waya, akitutazama. Tulidhani anapenda mchezo. Lakini mwaka ule haukuwa wa kupenda michezo. Mapema, malori yalikuwa yamekuja katika mashamba na kuwachukua vibarua Wakikuyu pamoja na familia zao kuwarudisha walikoambiwa ni kwao. Wanjiku, mlinzi wetu wa kituo cha tatu, alitolewa darasani katikati ya somo la Mwalimu Jebet. Alikuwa na glavu ya timu kwapani, akairudisha mezani kwa uangalifu kama kitu cha kuazima, akasema, "Asante, Mwalimu." Hatukumwona tena. Watu wazima waliongea kwa sauti ya chini kuhusu viapo vya siri vya wapiganaji wa msituni waliotaka kuwafukuza wazungu, na neno lenyewe lilisemwa kama mtu anavyomeza dawa. Sisi tulikuwa watoto wa Kinandi na wa Kiluhya, tulijiona tuko mbali na mambo hayo. Hatukufikiria jinsi tulivyoonekana kutoka upande wa pili wa waya: wasichana kumi Waafrika na mwalimu wao Mwafrika, kila jioni, bila maneno, wanaonyeshana mikono na kutii.

Afisa wa serikali, mzungu, alikuja siku ya Jumanne baada ya chakula cha mchana, kwa gari la kijani, amevaa kaptura iliyopigwa pasi, daftari mkononi, na askari mmoja nyuma yake. Alikaa barazani mbele ya ofisi akawaita wachezaji mmoja mmoja. Mimi nilikuwa zamu ya jikoni, ndiyo sababu nilikuwa wa mwisho. Niliona kila kitu kupitia mlango wa jikoni, na nilisikia zaidi ya nilivyotaka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani. "Wewe, mutoto. Hii mkono hapa kwa kichwa, nasema nini?" Na wenzangu, waliofundishwa vizuri kuliko timu yoyote katika koloni hii, wakamjibu. Cheptoo alisema ni mbu. Mwingine alisema ni nywele. Rhoda alimwomba amwombee. Mmoja alisema ni namna ya kumsalimu bibi yake. Wasichana tisa, majibu tisa, na kila mmoja aliondoka kwenye kiti kile ameinua kidevu, akijua hatasugua sufuria.

Kisha afisa akaingia ofisini na mkuu wa shule, mzungu mpole aliyeogopa kila mtu, na mlango ukafungwa, lakini dirisha lilikuwa limefunguliwa kidogo kwa sababu jiko la kuni la mle ndani lilitoa moshi. Mama Robai alikuwa ametumwa kupeleka chai. Alirudi na sinia tupu. Alikuwa anaelewa Kiingereza zaidi ya alivyowaonyesha wazungu. "Anasema mtoto mmoja akidanganya ni utoto," akaniambia polepole. "Watoto tisa wakidanganya, kila mmoja yake, kuna mtu amewafundisha. Anamchukua Mwalimu leo. Sasa hivi, na gari hii." Akaweka sinia chini. "Mimi na kijiko changu, Selina. Mimi ndiye nimewafundisha hawa watoto kufunga mdomo." Tulimjua mtu mmoja tu aliyewahi kuchukuliwa na gari, na glavu yake bado ilikuwa mezani darasani. Halafu askari akaja mlangoni akasema ninaitwa.

Ofisi ilikuwa na joto la kukaba roho. Afisa alikaa nyuma ya meza, mkuu wa shule karibu na kabati. Mwalimu Jebet alisimama nyuma ya afisa kando ya jiko, mikono imeshikana mbele ya sketi, viatu vyake vya kanisani vimeng'arishwa. Cheptoo alikuwa ameambiwa angoje barazani, nilimpita akiwa ameegemea ukuta. Afisa aliniuliza swali lile lile, kwa uchovu, kalamu tayari kuandika uongo wa kumi. Nilikuwa na jibu langu, nililoliandaa tangu wiki ya pili: kwamba jua linaniumiza macho. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama Mwalimu juu ya bega la afisa, kama nilivyomtazama jioni zote zile nikiwa kituoni. Na Mwalimu akainua mkono wake wa kulia akajipangusa paji la uso.

Ondoka. Kimbia, usiangalie nyuma. Lakini kiwiko? Nilikuwa nimeangalia meza sekunde moja kabla, ile kalamu. Sikujua kama mkono wake wa kushoto ulikuwa umepita kwenye kiwiko au haukupita. Nilisimama pale, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku nilipofiwa na mume wangu. Ikiwa aligusa, alikuwa ananiambia niseme. Ikiwa hakugusa, mikono yake ni mikono tu, na mimi nikifungua mdomo nitakuwa nimeuza siri aliyotukabidhi, mbele ya watu aliokuwa akiwaogopa. Kisha nikajiuliza kama alivyotufundisha: naona nini? Niliona gari la kijani dirishani. Nikasema, "Bwana, ni mchezo. Wote wamekudanganya. Tumefundishwa tusiseme. Nitakuonyesha."

Nikamwonyesha. Nilipukuchua mahindi, nilitia chumvi, nilipepeta ungo hewani ndani ya ofisi ile mbele ya bendera na picha ya malkia. Nilimweleza habari ya kiwiko, na ya kijiko cha Mama Robai, na ya sufuria. Nilipomaliza nilikuwa nalia bila sauti. Afisa aliandika kidogo, akaacha. "Wewe nasema vizuri sana," akasema. "Labda hii pia umefundishwa." Akafikiri. Akamwambia askari amlete Cheptoo. Cheptoo akaingia, mdogo vile vile, akasimama karibu na mlango. Afisa hakumwuliza kitu. Alimkazia macho, akagusa kiwiko chake mwenyewe, kisha, taratibu, akajipangusa paji la uso.

Cheptoo alitoka kwenye mlango ule kama risasi. Tulisikia miguu yake barazani, kisha changarawe, kisha tukamwona dirishani, ameshapita mlingoti wa bendera, anakimbia kuelekea uwanjani na kichwa chini, bila kuangalia nyuma hata mara moja, askari akimkodolea macho. Mabega ya afisa yalianza kucheka kabla ya uso wake. Akafunga daftari. Alisema maneno marefu kwa Kiingereza kwa mkuu wa shule, ambayo Mama Robai alitutafsiria baadaye: mwalimu abaki, lakini mambo ya mikono yakome, leo hii, na akisikia tena hatakuja kucheka. Gari la kijani likaondoka na kiti cha nyuma kitupu. Mwalimu Jebet alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaniambia, "Selina, nenda umwite Cheptoo arudi. Amefika kwa ngano ya watu."

Hakuniambia neno lingine juu ya siku hiyo. Mechi tulicheza, mwisho wa mwaka, na Bwana Tumbako alikuwepo kwenye ua. Mwalimu alileta kigoda pembeni ya uwanja, akakaa, akaweka mikono yake yote miwili chini ya shuka alilojitanda na kuifunga humo. Haikutoka mchezo mzima. Wale wasichana wa magharibi walikuwa wakubwa, na mwalimu wao alivuta masikio na kugusa pua mpaka tukamwonea huruma. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuambia kitu. Nilimtazama kwenye kigoda kila nilipofika kituoni, kwa mazoea, nikamkuta ananitazama kwa utulivu, nikageuka na kujiuliza ninaona nini. Rhoda alitia chumvi bila kuambiwa. Cheptoo aliwahi vituo vitatu. Tulishindwa kwa mzunguko mmoja, na aliyetolewa nje mwisho ni mimi, mita mbili kutoka kituo cha mwisho, kile cha nyumbani, kwa uamuzi wangu mwenyewe. Mwalimu alikuja kunifuta vumbi. "Ungebaki kule kituoni ningekulaumu," akasema. Nilifikiri anazungumzia mechi tu. Mwaka uliofuata Misi Fentoni alirudi na mpira mpya, nami nikaenda chuo cha ualimu.

Nyumba yake ya Ainabkoi ina vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na dirishani unaona shamba la viazi likishuka hadi kwenye miti ya miwati. Alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi magotini, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho yaleyale. Akatuita wasichana wake. Mjukuu wa Cheptoo, ambaye hakuwahi kumsikia mtu akimwita nyanya yake msichana, alitoka nje kuangalia tairi. Tulikunywa chai ya maziwa mengi, Cheptoo akamiminiwa maziwa ya mkaa, tukamtaja Mama Robai na kijiko chake, tukamtaja Wanjiku na glavu aliyoirudisha mezani. Kisha nikaona kwamba nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ya afisa. Ulijipangusa paji la uso."

"Nilijipangusa."

"Kiwiko uligusa kwanza ama hukugusa?"

Aliangalia mikono yake juu ya blanketi. "Sikugusa," akasema. "Nilikuwa natoka jasho, Selina. Nilikuwa na woga. Nilijua wanaenda kunipeleka, na mama yangu alikuwa hajui. Hata kama ningetaka kukupa ishara, ningekupa gani? Siku kama ile sikuwa nimewafundishia ishara." Akaweka blanketi sawa. "Ulipofungua mdomo nikafikiri, huyu mtoto amenimaliza. Ulipofika kwa habari ya sufuria ndiyo nikajua nitalala kwangu."

Nilihisi aibu, na chini ya aibu furaha ambayo sikujua niipeleke wapi. Miaka yote nilimpa yeye ushujaa wa siku ile, nikausimulia kama mali yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilikuwa nasikia vile unanisifu kila mahali. Mwalimu Jebet hakuogopa mzungu, Mwalimu Jebet aliongea na mkono peke yake. Ilikuwa tamu. Nani angekataa?" Akanipapasa goti. "Lakini si yangu. Ndiyo nimewaita, nikurudishie kabla sijaenda. Wewe ndiye uliona, wewe ndiye uliondoka."

Cheptoo aliweka kikombe chake chini, akajifuta mdomo. "Mimi nilijua hakugusa," akasema. "Nilikuwa kwa dirisha. Hiyo mikono ilikuwa inatetemeka vile, angeshika kiwiko na nini? Nikasikia Selina anamwambia yote, nikajua nikiitwa ndani ni lazima nikimbie vizuri." Akanitazama kwa dharau ya kirafiki ya miaka zaidi ya sitini. "Kwani wewe ulifikiri mimi ni ndama, naonyeshwa mkono nakimbia?"

"Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri. Ningekukatiza aje?"

Mwalimu alianza kucheka, kimya kimya kwanza, kisha mwili mzima, mpaka blanketi likateleza na machozi yakamtoka. Akainua mkono wake wa kulia ajipanguse uso. Nami, na umri wangu huu wote, niliangalia kwanza kiwiko.